Majalada Yaliyovikwa Nguo

Picha ya kwanza niliyoijua maishani mwangu ni ya mwanamke anayekimbia. Nyuma yake kuna jumba kubwa jeusi, na katika madirisha yote ni moja tu lenye taa. Mwanamke amegeuza shingo kutazama anachokikimbia. Amevaa buibui, ushungi umemfunika hadi puani, na mlango wa jumba lile una nakshi kama milango ya Mkomani, mtaa wa zamani wa Lamu. Ilinichukua miaka mingi, na diploma moja, kuona kwa macho yangu kwamba mwanamke yule alizaliwa na gauni la kulalia lililochanika begani, kwamba mlango wake ulikuwa wa chuma, na kwamba buibui na nakshi vilitoka mkononi mwa baba yangu.

Baba alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni. Alifagia, aliteka maji, alipanda darini kukunja magodoro mvua ikitanda. Siku ambazo hakukuwa na wageni alikwenda Kizingitini kuwaandikia wavuvi majina kwenye mashua zao, maana mkono wake ulikuwa umetulia na herufi zake hazikupinda. Rangi iliyobaki alirudi nayo nyumbani, kila rangi ndani ya kopo lake la maziwa.

Wageni wa zamani hizo walikuwa Wazungu wenye nywele ndefu. Walikaa mwezi, walikaa miwili, na walipoondoka waliacha vitabu vyao vya hadithi, vile vyepesi vya kutiwa mfukoni, vimevimba kwa hewa ya chumvi. Vingi vilikuwa hadithi za kutisha, au za sayari za mbali, au za mapanga na wachawi. Baba hakujua Kiingereza, lakini majalada yake yalimshika. Yalikuwa yamechorwa kwa mkono na watu waliojua kazi: mbingu nyekundu yenye miezi miwili, mkono unaochomoza kaburini, joka linalomeza mji, fuvu juu ya kaburi, limewashwa mshumaa kichwani, mwanamume mwenye panga na mwanamke asiye na nguo amemkumbatia mguu. Baba alivipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba zetu za mawe, mahali pa sahani za kaure.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mtu mzima wa ukoo wa zamani, asiyekosa swala. Siku moja alipanda juu kukagua shuka, akaviona.

"Huyu ni nani, uchi, kwenye kidaka cha mamangu?"

"Ni picha, Bi."

"Naona ni picha. Nyumba hii inaswaliwa. Zuo hizi zitiwe baharini leo." Zuo ndivyo vitabu, kwa kusema kwa wazee wa Amu, yaani Lamu.

Baba aliniambia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alifika hapa akatabasamu. "Nikamwambia, Bi, nipa siku saba. Nitawavika."

Na akawavika. Kwetu mtu akitaka kuweka kitu chenye sura ya kiumbe, hutafuta njia ya kuifuta roho yake: hufuta uso, au hupitisha mstari shingoni. Baba angeweza kuwakata shingo wote kwa kalamu asubuhi moja akamaliza. Hakufanya hivyo. Wanawake aliwatia buibui na kanga, kanga zenye pindo za kando na mji wa katikati, akawafunika nyuso. Joka aliligeuza mkoko wenye mizizi mingi. Mwanamume wa panga akawa mlingoti wa jahazi. Fuvu likawa dafu, na mshumaa wake ukawa kishungi cha makuti. Rangi ya mafuta haikukubali kushika juu ya majalada yale laini, kwa hiyo alirudia mara tatu, mara nne, mpaka ikakaa nene. Kimoja tu hakukigusa: cha mtu wa anga amesimama juu ya mchanga mweupe, kavaa kofia ya kioo cheusi, hata kidole hakionekani.

"Huyu amejisitiri mwenyewe," alimwambia Bi siku ya saba. "Huyu mwate alivyo."

Bi alicheka mpaka akakaa kitako. Vitabu vikabaki. Bi alipofariki na nyumba ikauzwa, baba alipakia vitabu vyake arubaini na kimoja kwenye mkokoteni akavileta kwetu Langoni, na havijatoka hapo tena.

Nimeanza na baba kwa sababu bila yeye nisingekuwa nilivyo, na nilivyo si haba. Sikuzaliwa na kitu. Nilimaliza kidato cha nne nikaambiwa niolewe, nikapanda ndege. Nilifagia nyumba za watu Ughaibuni miaka sita, nikalea watoto ambao sasa wangenipita njiani wasinijue. Kila nilichopata nilikiweka, nikarudi Nairobi, nikasoma diploma ya usanifu wa michoro na uchapishaji, nikapita kwa daraja la juu. Nikaenda tena Ughaibuni, safari hii si kwa ufagio. Nilikaa mbele ya kompyuta katika kiwanda cha kupiga chapa, nikiwa mwanamke pekee chumbani, na wanaume wenye shahada waliniletea kazi zao nizirekebishe. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nina duka langu Langoni: kadi za harusi, mabango, fulana, mihuri. Cheti changu kiko kwenye fremu ya kioo juu ya mashine, na anayetaka kukisoma anasoma.

Miaka yote hiyo baba alinilalamikia macho kwenye simu. "Mato yangu yana ukungu, mwanangu." Nilimtumia matone. Nilinunua mazuri, ya gharama, kwenye duka la dawa lenye milango inayojifungua yenyewe, nikampa mtu anayerudi Amu. Baba aliyatia kila siku na kunishukuru. Nilidhani kumtibu ndiko huko.

Niliporudi moja kwa moja nilimkuta amekaa dakani kwake, yaani ile baraza ya mawe ya mlangoni tunayoiita daka, ana kitabu mapajani. Alisema, "Karibu," kabla sijatamka kitu, nikafurahi kwamba ameniona. Kumbe alisikia viatu vyangu. Kwa jicho la kulia alikuwa akiona mwanga na kivuli tu, na la kushoto lilikuwa halina hata hilo. Kila alasiri, akishaswali, aliomba aletewe vitabu vyake vitatu au vinne. Alipitisha vidole juu ya jalada, polepole, toka pembe hadi pembe, kisha akachukua kingine. Nilimwona akifanya hivyo kwa wiki nyingi. Nilidhani anapangusa vumbi.

Daktari wa macho aliyepita hospitali yetu alimtazama akasema mambo mawili. Kulikuwa na mtoto wa jicho, na huyo anaondoka kwa upasuaji. Na kulikuwa na presha ndani ya jicho, na kama imeua mshipa au la, hataweza kusema kwa yakini mpaka mtoto wa jicho aondolewe. Mimi nilisikia la kwanza. Nilimlipia baba kila kitu, tiketi ya ndege kutoka Manda, hospitali ya Mombasa, chumba cha kulala yeye na mdogo wangu wa kiume aliyemsindikiza. Mdogo wangu ni nahodha wa boti ya abiria, na hakuwahi kumaliza shule, lakini ana subira ya wagonjwa kunishinda. Mimi nilikuwa na kadi za harusi tatu.

Asubuhi ya safari, baba alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe.

"Zuo zangu nakuatia wewe," aliniambia. "Nikirudi naona, kitu cha kwanza nitakachotazama ni hizo. Kabla yako."

"Kabla yangu, Baba?"

"Wewe sauti yako naiyua. Zile hazisemi."

Tulicheka sote, hata mdogo wangu, ambaye alikuwa akiona haya kushika mkoba wa baba wenye maua.

Wazo lilinijia boti ya kuwavusha hadi uwanja wa ndege wa Manda ilipokuwa bado inaonekana. Kama baba atafungua macho atazame vitabu vyake, basi avione vilivyo hasa. Rangi ya juu ilikuwa imepasuka, imekuwa nyeusi kwa moshi wa uvumba na mikono. Chini yake, nilijua, zimelala kazi za mabingwa, miezi miwili na joka na jumba la mlango wa chuma, hazijaguswa na jua kwa miaka zaidi ya arubaini. Chuoni walitufundisha kwamba kazi ya asili ndiyo yenye thamani, na kilichoongezwa juu yake na mikono mingine ni madoa. Nilipata daraja la juu katika somo hilo.

Nilifunga duka siku nne. Nilianza na pembe ya fuvu. Pamba, spiriti nyeupe, kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe kisikwangue. Majalada ya zamani yalipakwa utando wa kung'aa kiwandani, na utando huo ndio ulioikataa rangi ya baba isizame. Ilitoka kama gamba la kidonda kilichopona. Chini likachungulia jino, la pili, kisha tundu la pua, manjano na zambarau safi kana kwamba mchoraji ameinuka sasa hivi kunawa mikono. Nasema kweli, sijawahi kuona kazi ya usafishaji iliyotoka vile, na nimefanya na watu waliosomea Ulaya.

Siku ya pili alikuja mwalimu, kijana wa kutoka bara anayefundisha sekondari na kuchapisha mitihani kwangu. Alisukuma mlango uliofungwa nusu.

"Madam, umefunga na mtihani wangu uko ndani?"

"Ingia, Mwalimu, usiguse meza."

Akainamia meza muda mrefu. Dafu nilikuwa nimelisafisha nusu: upande mmoja fuvu, upande mmoja dafu.

"Hii nani amechora?"

"Mchoraji wa huko kwao. Tazama kivuli cha jicho kilivyo."

"Si hiyo ya chini. Hii ya juu. Nani amechora hii dafu?"

"Babangu. Hilo si dafu, Mwalimu, hilo ni uchafu uliokaa juu ya fuvu."

Akacheka. "Fuvu nimeona mara mia. Nikiwa chuo nilikuwa nasoma hizi hadithi, kila jalada ina fuvu. Lakini dafu yenye imewekwa kwa kaburi, hiyo sijawahi ona popote. Wacha hata moja tu ikae hivyo."

"Wewe unafundisha nini?"

"Hesabu na fizikia."

"Na mimi nimesomea nini?"

"Umesomea design, madam. Tumeona cheti. Watoto wangu wa Form Two wanaijua kwa kichwa."

"Basi chukua mtihani wako."

Alichukua. Alipofika mlangoni akageuka. "Mzee amesema utoe?"

"Nataka kumshtua kwa furaha."

Alifunga mlango taratibu, na mimi niliichukulia kuwa ni adabu ya mtu aliyeshindwa.

Nilimaliza vitabu arubaini. Cha arubaini na kimoja, cha mtu wa anga, nilikifuta vumbi tu. Kila kimoja nilikipiga picha kabla na baada, kama inavyotakiwa kitaalamu, na picha nikaziweka kwenye ukurasa wa duka. Watu wa mbali nisiowajua waliandika kwamba nina mikono ya dhahabu. Mwanamke anayekimbia nilimwacha wa mwisho. Ushungi ulitoka kwanza, nikamwona uso. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile sijui kwamba mdomo wake uko wazi, anapiga kelele. Kisha likaja bega, na kifua nusu. Nakiri mkono ulisita. Nikamaliza.

Simu ya mdogo wangu ililia kesho yake nikiwa naviweka vitabu kwenye zidaka.

"Dada, wamemfungua bandeji."

"Anaona?"

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, magurudumu ya kitanda.

"Ameniuliza kwa nini wanamfungua usiku."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, na jua lilikuwa limejaa uani.

Mshipa ulikuwa umekufa. Daktari alimweleza mdogo wangu kwa upole, akanieleza na mimi kwa simu, kwamba kazi imefanyika vizuri, jicho sasa ni safi kama kioo, ila nyuma yake hakuna tena kinachopokea. Akauliza mgonjwa alianza lini kulalamika. Nikamwambia mwaka, na jina la matone niliyokuwa nikimtumia. Akasema matone yale yalikuwa ya kuondoa ukavu tu. Nilisoma maandishi ya ile chupa kabla ya kuinunua. Ninajua kusoma. Niliangalia zaidi jinsi kasha lake lilivyochapwa.

Baba alirudi siku ya tatu. Alishuka botini akishika bega la mdogo wangu, macho yake wazi, mazuri, hayana ukungu. Watu wa gatini walimwona wakamwambia mashaallah, mzee, umepona, na yeye akawaitikia, "Alhamdulillahi," mmoja mmoja, hakumsahihisha mtu.

Nyumbani alikunywa maji, akaswali amekaa, kisha akaenda kuketi kwenye daka yake.

"Zuo zangu zi wapi?"

Ningeweza kusema chochote. Mwalimu wa hesabu baadaye alinieleza yote ambayo ningeweza kumwambia. Lakini bado nilikuwa na mzizi wa majivuno, na nilijua kazi yangu ilivyotoka. Nikamletea vinne, cha juu kikiwa cha mwanamke anayekimbia.

Akaweka vidole kwenye pembe, kama kawaida yake. Vikateleza mpaka pembe ya pili. Akarudi. Akakigeuza, akashika upande wa nyuma, akakigeuza tena. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Alivinusa.

"Hizi si zangu."

"Ni zako, Baba. Nimezisafisha."

"Umezisafisha na nini?"

"Ile rangi ilikuwa imeharibika. Zimerudi kama zilivyotoka kiwandani. Mwenye macho angeona..." Nikaishia hapo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa maua. Yeye ndiye aliyenieleza baadaye, kwa maneno machache, jambo analolijua siku zote, kwamba baba tangu jicho la kushoto lilipozimika alikuwa akichukua brashi na kunenepesha mistari, kila mwaka juu ya mwaka, mizizi ya mkoko, mapindo ya kanga, nakshi za mlango, ili siku la kulia likizimika awe na cha kutazama. Ukungu haukumpata ghafla. Alijiandaa. Mimi nilikuwa sipo.

"Umewavua wote?" baba aliuliza.

"Wote."

"Na yule wa mlango wa nakshi?"

"Na yeye."

Alivua kofia yake ya kazi za mkono, ile nyeupe aliyoshonewa na mama, akaifunika juu ya jalada. Akakaa hivyo kichwa wazi mpaka adhana ya Magharibi.

Nimejaribu kurekebisha. Mimi si mtu wa kukaa na kosa mikono mitupu. Picha za kabla ninazo zote, kubwa, safi, kila mpasuko wa rangi unaonekana. Niliuchapa mlango wa nakshi kwa mashine yangu bora, akaugusa, ni karatasi tupu. Nilinunua rangi ya mafuta ya mashua, nikaweka mkoko juu ya joka kwa kufuata picha, mstari kwa mstari, nikarudia mara nne ikakaa nene. Aliupitia kwa kidole gumba tu.

"Huu mkono wako," alisema, akakiweka chini kwa upole, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Sasa haombi tena vitatu au vinne. Anaomba kimoja: yule aliyejisitiri mwenyewe, mtu wa anga. Ndicho alichokijua kwa ulaini wake, kati ya vyote vilivyokuwa na matuta kile peke yake kilikuwa tambarare, na ndicho pekee nisichokiharibu. Siku za kwanza nilimpa hichohicho. Lakini hupenda kujichukulia mwenyewe. Husimama kwenye zidaka, hukipita kile cha mkoko wangu, hupapasa arubaini vingine vilivyo laini sawasawa, huvuta kimoja, huja nacho barazani.

"Ni yeye huyu?"

Jana alikuja na yule mwanamke. Mdomo uko wazi, bega liko wazi, na kiganja cha baba kimetulia juu yake, mikunjo na madoa ya rangi ya Kizingitini ambayo spiriti yangu haijayafikia. Watu walikuwa wanapita kutoka msikitini, wanatoa salamu, na macho yao yanashuka mapajani mwa mzee na kukimbia.

"Ndiye, Baba," nikamwambia, nikavua mtandio wangu nikautandika juu ya mkono wake.